Kapteni Hakuwa Nahodha: uchambuzi wa kisa cha familia ya wachimba shaba, kutoka Cornwall hadi Australia Kusini

Kazi hii ilichukua miaka mitatu, na mwaka wa kwanza wote ulizama baharini. Majina ya watu, ya meli na ya parokia nimeyaondoa, na miaka ya kuzaliwa ya wanafamilia nimeisogeza kidogo, kwa ridhaa yao. Matukio ya hadharani nimeyaacha na tarehe zake.

Tulichoanza nacho

Mke wa mpwa wangu, nitamwita Bi M., ni mzaliwa wa Adelaide. Alipokuja Tanga kwenye arusi yao, wazee walikaa barazani wakamtajia nasaba ya mumewe, fulani bin fulani, mpaka wakafika baba wa saba. Kisha wakamgeukia yeye. Akamtaja baba, akamtaja babu, akanyamaza. "Zaidi ya hapo kuna Kapteni tu," alisema.

Mimi nimestaafu kazi ya masjala, na uzee wa mtu wa masjala hauna dawa ila makaratasi. Miezi michache baadaye akaniandikia: "Mjomba, nisaidie kumtafuta Kapteni."

Alichokuwa nacho kilikuwa kidogo. Jina la ukoo lilianza na Tre-, silabi ambayo kwa Kikornishi maana yake ni makazi au kijiji, na huko Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, imezagaa kama mwiba wa mchongoma. Kulikuwa na dira ya shaba nyeupe kwa nyekundu ndani ya kisanduku cha mbao, urithi wa babu. Na kulikuwa na hadithi: Kapteni alitoka Cornwall akiwa na wazazi wake, akafika Australia kwa meli, akafa mtu mwenye heshima zake katika mji wa Moonta, Australia Kusini. Shangazi yake Bi M. aliongeza kwa sauti ya chini kwamba huenda walikuwa wafungwa. Hilo tuliliondoa siku ya kwanza. Koloni la Australia Kusini lilianzishwa mwaka 1836 kwa masharti kwamba halitapokea wafungwa wa kuhamishwa kutoka Uingereza.

Mwaka uliopotea

Uamuzi wetu wa kwanza ulikuwa kumtafuta Kapteni kwenye kumbukumbu za mabaharia, na wakati ule ulionekana wa busara. Sheria ya Uingereza ya 1850 iliwalazimisha manahodha wa safari za ng'ambo kuwa na vyeti, na vyeti huacha nyayo. Moonta nayo iko kilomita chache tu kutoka pwani, na shaba yake ilipakiwa melini hapo jirani. Dira tunayo. Ni nini tena?

Tukampata nahodha mmoja wa St Ives, mwenye jina linalofanana kasoro herufi moja. Tukamfuata bandari kwa bandari miezi minane. Alikuwa mtu wa kuvutia sana, na hakuwa na uhusiano wowote na Bi M. Alifia nyumbani kwake, hajawahi kutia nanga Australia.

Kosa lilikuwa langu kuliko la Bi M. Yeye aliandika "captain". Mimi, nikimweleza mpwa wangu kwa Kiswahili, niliandika "nahodha", na tangu hapo neno hilo likatufungia mlango kwa komeo. Kiswahili kinamtenga nahodha wa chombo na kapteni wa jeshi au wa timu ya mpira. Kiingereza kinawaita wote kwa neno moja, na Kiingereza cha Cornwall kina kapteni wa tatu ambaye sikuwahi kumsikia.

Jeneza na makapteni wanne

Tulizinduliwa na gazeti. Maktaba ya Taifa ya Australia imeweka mtandaoni magazeti ya zamani kwa jina la Trove, na mtu yeyote anaweza kuyapekua bure. Nilikuwa nimechoka na bandari, nikatafuta jina la ukoo pamoja na "Moonta" bila neno meli. Likatokea tangazo la mazishi la miaka ya 1890. Marehemu aliitwa Kapteni. Waliobeba jeneza walikuwa sita, na wanne kati yao waliitwa kapteni vilevile.

Niliisoma orodha ile mara tatu. Mji gani wa wachimba shaba una manahodha watano wa kuzikana?

Kwenye migodi ya Cornwall, kapteni ni msimamizi. Yuko kapteni wa juu ya ardhi, wako makapteni wa chini ya ardhi, na juu yao yuko kapteni mkuu. Kiongozi wa migodi ya Moonta kuanzia 1864 hadi 1898, Henry Richard Hancock, naye ni Kapteni Hancock kwa kila mtu. Cheo hicho hakikuhitaji cheti. Mtu alikipata kwa kuijua miamba na kwa kuaminiwa na wenzake.

Bi M. akapeleka picha ya dira kwa mtu anayetunza vifaa vya migodini. Jibu lilikuja siku hiyohiyo: zile bawa mbili za shaba zinazokunjuka pande zote mbili ni za kulengea, na kifaa ni cha kupimia njia za chini ya ardhi. Kilikuwa kimekaa juu ya kabati la familia miaka mia na ushei, kikisubiri mtu amuulize mchimba migodi badala ya baharia.

Kwa hiyo hadithi ya familia haikuwa uongo. Kapteni alikuwa kapteni, alitoka Cornwall, alipanda meli. Sisi tuliomsikiliza ndio tulioziunganisha habari tatu za kweli kwa gundi isiyofaa.

Cornwall waliyoiacha

Kapteni alizaliwa karibu 1841, eneo la Redruth, na Bi M. ni kilembwe wake. Aliyeamua kuhama ni baba yake, J., mchimba shaba aliyezaliwa karibu 1805.

Wachimbaji wa huko hawakulipwa mshahara wa kila mwezi kama tunavyodhani. Kikundi kidogo cha wanaume, mara nyingi baba, wana na ndugu, kilisimama mbele ya ofisi ya mgodi siku ya mnada kikashindania kipande cha mwamba. Waliochukua kazi ya kuchimba njia walilipwa kwa urefu waliotoboa. Waliochukua kazi ya madini walipata fungu la thamani ya mawe watakayotoa, na mishumaa, baruti na utambi vikakatwa humo. Mwamba ukiwa mtupu, mwezi huisha na deni. Wake hawakushuka shimoni, lakini wasichana walifanya kazi juu, wakiponda mawe kwa nyundo na kuchagua yenye shaba.

Kisha viazi vikaoza. Ugonjwa uleule ulioiua Ireland ulifika Cornwall kuanzia 1845, nafaka ikapanda bei, na mwaka 1847 wachimbaji waliandamana katika miji kadhaa kudai chakula. Miaka hiyohiyo huko Australia Kusini shaba ilikuwa imepatikana Kapunda, 1842, na Burra, 1845. Koloni lilihitaji watu waliokuwa tayari wanajua kazi, na sehemu ya fedha za kuuza ardhi ilitumika kuwalipia nauli.

J. wawili

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, nasi tulianguka kidogo. Kwenye mtandao tulikuta shajara nne, yaani miti ya nasaba, za ukoo huu zilizokwisha kutengenezwa na watu wengine. Zote zilimtaja J. mmoja, aliyebatizwa 1803 katika kanisa la Kianglikana la parokia. Shajara nne zikikubaliana mtu hupumua. Baadaye tuligundua kwamba zilikuwa moja iliyonakiliwa mara tatu.

Sensa ya Juni 1841 haikutusaidia. Karani aliagizwa kushusha umri wa watu wazima hadi tano iliyo karibu, kwa hiyo mtu wa miaka 36 na wa miaka 38 wote huandikwa 35. Katika parokia ile kulikuwa na J. wawili wa ukoo mmoja, wote wachimba shaba, wote 35. Ilikuwa desturi kumpa mtoto jina la babu, na kama ndugu wawili wamempa kila mmoja mwanawe jina la babu yuleyule, mtafiti hana pa kushika. Msomaji wa pwani hahitaji kufafanuliwa hilo.

Sensa ya tarehe 30 Machi 1851 ndiyo iliyowatenganisha. Usiku ule J. wa Kianglikana alikuwa nyumbani kwake Cornwall, amelala na mkewe na watoto sita. Mtu halali Redruth na Burra usiku mmoja, na J. wetu alikuwa amekwisha hamia Australia. Tukazifuta zile shajara nne kwenye faili letu, na nilimwomba Bi M. asiziangalie tena hata kwa kutamani.

J. wetu hakuonekana katika ubatizo wa kanisa la parokia kwa sababu alikuwa Mmethodisti, kama wachimbaji wengi wa Cornwall. Madaftari ya makanisa yasiyo ya Kianglikana yalikusanywa na serikali baada ya usajili wa kiraia kuanza Julai 1837, na leo yako kwenye Hifadhi ya Taifa huko Kew, London.

Cheti cha ndugu aliyekufa machimboni

Sasa tulijua ni nani siye. Kumthibitisha aliye yeye ilikuwa kazi nyingine, maana vyeti vya Australia Kusini vya enzi hizo ni vikavu. Cheti cha kifo cha Kapteni kilitaja jina, umri, kazi na ugonjwa. Wazazi hawakuandikwa.

Uamuzi uliotuokoa ulikuwa kuacha kumtafuta Kapteni na kuwatafuta ndugu zake. Mwaka 1851 dhahabu ilipatikana Victoria, koloni la jirani, na wachimbaji wa Burra wakamwagika huko hadi mgodi ukabaki karibu mtupu. Nilijiuliza: ikiwa J. naye alikwenda, je, kuna kilichomtokea huko kinachohitaji cheti? Victoria ilianzisha usajili wake Julai 1853, na makarani wake waliuliza maswali mengi kuliko popote. Cheti cha kifo kilidai majina ya wazazi, jina la ukoo wa mama kabla ya ndoa, mahali alipozaliwa marehemu, na miaka aliyokaa katika kila koloni.

Tulimpata. Mvulana wa miaka tisa, amekufa kwa kuhara damu mwaka 1854 kwenye machimbo ya dhahabu. Baba J., mchimbaji. Mama, jina lake na ukoo wake, kamili. Amezaliwa Cornwall, parokia imetajwa. Amekaa Australia Kusini miaka mitatu, Victoria miaka miwili.

Bi M. alinipigia simu usiku huo akilia, na sikumlaumu. Mtoto yule hakuna aliyekuwa akimkumbuka, na yeye ndiye aliyebeba jina la nyanya mkuu wa wote.

Mengine yalifunguka kwa wiki mbili. Faharasa ya vizazi ya Uingereza inaonyesha ukoo wa mama tangu 1837, kwa hiyo tuliweza kuwaita watoto wote wa ndoa ile katika wilaya ya Redruth: 1838, 1841, 1845 na 1847. Wa 1841 ndiye Kapteni.

Melini

Tukiwa na majina ya mama na watoto, orodha ya abiria ilipatikana licha ya karani kuandika Tri- badala ya Tre-. J. hakujua kuandika, alitia alama ya msalaba, na jina lake liliandikwa jinsi lilivyosikika. Waliondoka Plymouth mwishoni mwa 1848 wakafika Port Adelaide mapema 1849, siku mia na kidogo baharini.

Orodha inasema J. ana miaka 39 na ni kibarua wa shamba. Alikuwa na 43, na hakuna ushahidi kwamba aliwahi kushika jembe la mtu. Wenye kutoa nauli walitaka watu wa chini ya miaka 40 hivi, na waliwapenda zaidi vibarua wa mashambani, wachungaji na wajakazi. Mtafiti anayeshikilia umri na kazi angempita. Kilichotuhakikishia ni mpangilio wa jina la mke na majina ya watoto wote, mmoja baada ya mwingine.

Daktari mkuu wa meli za wahamiaji alilipwa bahashishi kwa kila kichwa kilichofika hai, na utaratibu huo ulisaidia kiasi. Mtoto wa 1847 hakufika.

Burra, dhahabu, Moonta

Burra iko bara, kilomita 160 hivi kaskazini mwa Adelaide. Nyumba hazikutosha, kwa hiyo watu walichimba vyumba kwenye kingo za udongo za kijito na kuishi humo. Mwaka 1851 walikuwa karibu 1,800. Wachimbaji wanajua kutoboa ardhi, na pango halikuwa na kodi. Mafuriko ya mwaka huohuo yaliyasomba mengi. Familia yetu inaonekana kwenye kijito kile katika daftari la ubatizo la Wamethodisti, halafu haionekani tena hadi Victoria.

Walirudi Australia Kusini baada ya Moonta kufunguliwa mwaka 1861. J. alikufa huko katika miaka ya 1860, kifua kimejaa vumbi. Mwanawe alianza kama mchimbaji wa mnada, akapanda akawa kapteni wa chini ya ardhi. Kwa Wakornishi wa Moonta, Kadina na Wallaroo maisha yalikuwa kama hawajahama, wakiwa na kanisa lao, andazi lao la nyama na viazi, na mnada wao wa miamba. Migodi ilifungwa 1923, ndipo babu wa Bi M. akapelekwa Adelaide akiwa mtoto wa shule, na dira kisandukuni.

Uchambuzi

Kilichofaa kuliko vyote ni kuhama kutoka kwa mhusika kwenda kwa ndugu zake, na kutoka koloni lenye vyeti vikavu kwenda koloni lenye makarani wadadisi. Ingekuwa hatua ya kwanza badala ya ya kumi. Anayefuatilia familia za Australia Kusini ajiulize mapema kama yuko hata mmoja, mtoto au shangazi, aliyekufa au kuzaa Victoria baada ya 1853.

Kipimo cha vinasaba tulikifanya mapema mno. Kilileta jamaa wengi, kutoka Moonta hadi Michigan, Marekani, ambako Wakornishi walifuata shaba vilevile, na wote walionekana wako karibu kuliko walivyo, kwa sababu vijiji vya migodi vilioana vyenyewe kwa vyenyewe vizazi kwa vizazi. Bila karatasi, majibu yale yalikuwa kelele. Yalikuja kuwa na maana mwaka wa tatu, nami nitaeleza kwa nini.

Kuhusu miezi minane ya nahodha wa St Ives, nimefikiria kama tungeweza kuiepuka. Nadhani ndiyo. Tulikuwa na swali la kuuliza, yaani huko Moonta neno hili walilitumiaje, na gazeti la mji lilikuwepo muda wote. Tulikwenda kwanza kwenye hifadhi kubwa yenye vyeti vinavyong'aa. Shangazi yake Bi M. bado anasema nahodha alimpendeza zaidi.

Binti wa 1831

Uamuzi mgumu ulikuja mwisho. Nikiwa kwenye madaftari ya Wamethodisti nikihakikisha ndoa ya J., nilimkuta binti aliyebatizwa 1831, miaka sita kabla ya usajili wa kiraia. Ndiyo maana faharasa haikumwonyesha. Katika sensa ya 1841 yumo nyumbani. Kwenye orodha ya meli hayumo.

Dhana ya kwanza ni kifo, nasi tulimtafuta kaburini. Lakini sensa ya 1851 inamwonyesha hai, miaka 20, mponda mawe mgodini, anaishi kwa dada wa mama yake. Pembeni yake kuna mtoto wa miaka mitatu mwenye jina la ukoo la binti huyo. Kanuni za nauli za wakati ule zilisema wazi kwamba mwanamke asiyeolewa mwenye mtoto wa nje ya ndoa hapokelewi kwa hali yoyote. Wazazi wake walikuwa na nafasi ya kuondoka 1848, na yeye hakuwa nayo.

Shangazi wa Bi M. alitaka jambo hili liachwe. Bi M. aliniuliza, Mjomba, sisi tungefanyaje? Nikamwambia barazani kwetu pia wako wanawake wanaorukwa nasaba ikisomwa, na kila mzee anajua ni mahali gani anapovuta pumzi. Waliafikiana aandikwe, na jina lake liko kwenye shajara sasa, juu ya Kapteni, kwa kuwa ndiye mkubwa wao. Na miongoni mwa zile kelele za vinasaba, mmoja wa jamaa waliojitokeza anaishi Cornwall hadi leo, maili nne kutoka mgodi ule, na jina lake la ukoo linaanza na Tre-.